Kiganja Juu ya Boneti

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba,
baridi ya Lubumbashi inang'ata masikio.
Nimeingia uani kwa Kasweshi bila kumwarifu.
Magari matatu yamesimama ubavu kwa ubavu,
yamevuka Kasumbalesa juzi,
usukani kulia, vumbi la Zambia bado magurudumuni.

Siulizi bei kwanza.
Nalaza kiganja juu ya boneti
kama mtu anayepima homa kwenye paji la mtoto.
La kwanza, jeupe: baridi kama jiwe la kisima.
La pili, la kijivu: baridi.
La tatu, lile lenye rimu za kung'aa,
lile ambalo shemeji Kyungu analiita malkia,
lina joto.

Nani amekuamsha usiku, malkia,
ukohoe peke yako kabla mgeni hajafika?

Mimi nakodisha viti.
Viti mia tatu vya plastiki, hema nne,
sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani.
Harusi ikichelewa watu hucheka, huongeza bia.
Msiba hauna chupa ya kuongeza.
Mwaka jana gari langu la zamani lilikata roho
njiani kwenda Ruashi, viti vyote tumboni mwake,
na Mama Mujinga akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mbele ya jeneza la mumewe
mpaka jua likageuka.
Alinilipa vilevile. Makuta yote, mkononi, bila neno.
Ningependa angenitukana.

Sasa Numbi yuko chini ya lile jeupe,
amelalia katoni, naona kandambili zake tu.
"Mama, huku chini kukavu," anasema.
"Kipuri chake nakipata Kenya, hata siku ya Mungu."
Kenya mtaa wetu, nyuma ya soko, si nchi ya watu.
"Na malkia?"
Kandambili zinanyamaza kidogo.
"Huyo akiugua, tutampeleka ng'ambo."

Nafungua daftari.
Mafuta, tairi, breki, hongo ya roulage
(ndiyo, naiandika, ina mstari wake).
Kwa bei ya malkia napata haya mawili
na zinabaki tairi nne na gunia la unga.
Kyungu anasema watu watanidharau.
Namjibu: watanidharau wamekaa.

Kasweshi anatoka na blanketi mabegani,
anakuta Masengo ameshusha viti sitini toka mkokoteni.
"Mnahamia hapa?"
"Tunapima."
Viti vinaingia vikiwa vimebebana migongoni,
sitini, sabini tulipoongeza vya kwake mwenyewe.
Malkia alimeza arobaini na tatu, akashiba.

Kwenye mlango wa lile la kijivu kuna maandishi ya Kijapani.
Masengo anataka kuyapiga rangi. Nakataa.
Chini ya kiti nimeokota sarafu yenye tundu katikati,
na nafikiri juu ya mtu aliyeidondosha:
alikuwa akipeleka nini, samaki, maua,
au naye alikuwa na watu wanaomngoja wamesimama?

Tumebishana bei mpaka jua likapasha mabati.
Nimeondoka nikijua nimepunjwa kidogo,
na Kasweshi akijua hivyohivyo upande wake.

Jumamosi Mama Mujinga alimaliza matanga.
Tulifika saa moja kabla, uwanja haujafagiwa,
tukapanga viti kimya, vya mbele kivulini.
Alipotoka alisimama akavitazama.
Akahamisha kimoja, akakaa.
Pesa sikuchukua, wala hakuniuliza kwa nini.

Mlango wa lile jeupe unakwama mpaka leo.
Unataka teke moja, chini, karibu na kutu.
Masengo ameshapajua mahali.